Mkono wa Fundi Kwenye Koo la Mlima

Fundi aliondoka nyumbani na maneno ya mama yake kinywani, na kadiri njia ilivyoinuka ndivyo maneno yale yalivyozidi uzito, mpaka akawa hajui kinachomkata pumzi ni mlima au ni mama.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Mama aliyasema asubuhi ileile akiwa amempa mgongo, anapiga pasi suruali ya mteja iliyokwisha kupigwa pasi jana yake.

"Kesho baba yako mkubwa na mjomba wako wanakwenda kwa watu kukuposea," alisema. "Mimi na yule binti hatuna ugomvi. Ana adabu, ana kazi yake, na akikutazama anatazama kitu chake. Lakini huko kuteremka milima na baiskeli, aache. Mwambie leo. Akikubali, wazee waende. Akikataa, wabaki majumbani kwao wanywe chai, nikutafutie mwingine."

"Mama, lakini yule mtu baiskeli ni..."

"Sijakuuliza. Nimekutuma."

Basi akatumwa. Mwanaume mzima, mshona suti anayeaminiwa na mabwana harusi wa mji mzima, ametumwa mlimani kama mtoto anayetumwa chumvi dukani.

Binti mwenyewe alikuwa akikata vioo katika duka la miwani. Hapo ndipo walipojuana, siku Fundi alipoikalia miwani yake akaingia dukani ameshika kipande kila mkono. Binti alimkalisha, akamwambia asome herufi za ukutani, na Fundi akazisoma zote vibaya kwa sababu hakuwa akitazama ukuta. Mwaka ulikuwa umepita tangu siku hiyo. Siku za kazi binti alikuwa mtu wa sauti ndogo na koti jeupe. Siku za mapumziko alivaa kinga za magoti na viwiko, akapanda mlimani na baiskeli yake, na huko waendesha baiskeli wenzake walimwita Sindano, kwa vile alikuwa akipita katikati ya mawe mawili bila kugusa hata moja.

Fundi alikuwa amezisikia sifa hizo mara nyingi. Kuziona kwa macho, bado. Kila alipoalikwa alisema ana suti ya mtu ya kumaliza, na suti yenyewe haikuwapo. Alikuwa na sababu nyingine ya kuikimbia milima, na sababu hiyo hakuwahi kumwambia mchumba wake.

Leo alianza kupanda mapema, kwa miguu, ili asimcheleweshe mtu. Alilipita shamba la misonobari, akapita mahali udongo mwekundu ulipokwisha na mawe yakaanza, akafika sehemu ambayo mtu hutumia miguu na mikono pia. Akiwa ameinama hivyo kama anayetafuta kifungo kilichodondoka, akasikia nyuma yake mlio mdogo wa mnyororo, tiki, tiki, tiki.

"Fundi! Uko hai?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya juu. Miguu niliiacha kule kwenye misonobari."

Sindano hakucheka kwa sauti, maana pumzi zake zilikuwa na kazi. Alikuja taratibu, taratibu kuliko mtu anayetembea, na bado baiskeli haikuanguka. Kifua chake kilikuwa kimeinamia usukani. Gurudumu la mbele lilitaka kunyanyuka kila mara kama mbuzi anayekataa kamba, naye alilirudisha chini kwa uzito wa mabega. Hakulitazama. Macho yake yalikuwa mbele, pale anapotaka kufika, na kila jiwe lilipochezacheza chini ya tairi aliegemea kidogo upande wa pili, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Fundi alijibana pembeni akamtazama akimpita. Aliona mshipa wa shingo umesimama. Aliona jasho likidondoka kwenye ncha ya kidevu kile ambacho yeye alikuwa akikitazama dukani akidhani anakijua. Mbele yao njia ilipinda mahali palipoinuka kama ukuta wa nyumba. Atashuka hapa, akajisemea, hapa hapandi mtu. Gurudumu la nyuma likateleza, likakwaruza, likashika, na Sindano akapotea juu ya kona.

"Mungu wangu," akanong'ona Fundi, kwa sauti ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada akakuta watu wamenyamaza.

Alipomfikia kileleni, Sindano alikuwa amelaza baiskeli kwenye nyasi fupi, amevua kofia ngumu, nywele zimelowa. Alimpa maji, akamgeuza kwa mabega upande waliotokea.

Mji wao wote ulikuwa umekuwa kitu cha kuweka mfukoni. Barabara kuu ilikuwa uzi mweupe uliodondoka juu ya kitambaa cha kijani, na malori yalikuwa hayaonekani kabisa, ila mng'ao mdogo wa kioo hapa na pale. Wingu lilikuwa likipita chini yao. Fundi alikuwa ameona mawingu maisha yake yote, lakini hakuwahi kuliona wingu mgongoni.

"Unaona?" Sindano akauliza.

"Naona."

"Unaona nini?"

"Sijui. Nikijua nitakuambia."

Binti akamtazama kwa jicho lile ambalo mama alilisema, jicho la mtu anayetazama kitu chake, na Fundi akahisi maneno ya mama yake yakimkwama kooni. Sema sasa, akajiambia. Sema. Akanywa maji tena ili mdomo upate kazi.

"Kesho wazee wenu wanakuja," Sindano akasema akichuma nyasi. "Dada yangu ameosha mapazia. Baba amenunua soksi mpya. Nimemwuliza soksi za nini, wakati utakuwa umevaa viatu? Akasema mtu anaweza kuvuliwa viatu ghafla."

Fundi akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Una wasiwasi?"

"Wa kesho? Kidogo. Leo nina wasiwasi wa kingine. Leo sina mkono."

"Mkono gani?"

Ndipo akamweleza. Kutoka pale kileleni kulikuwa na mteremko waliouita Koo, mfereji wa mawe uliobanwa na kuta mbili za mwamba, na katikati unapinda. Aliye juu haoni kilichoko chini ya kona. Watu wa kuni hupandia humohumo, vichwa vimeinama kwa mizigo. Ukipiga kelele, upepo unaila sauti kabla haijafika. Kwa hiyo kabla mtu hajashuka, mwenzake hutangulia kwa miguu kwa njia ya pembeni, husimama juu ya jiwe pale kwenye kona, mahali anapoonekana na wa juu na anapoona mpaka chini. Mtu huyo ndiye huitwa mkono.

"Mkono ukiwa chini, njia ina mtu," alisema Sindano. "Ukiwa juu, njia iko wazi, nakuja. Basi. Siku zote mkono wangu ni kaka, lakini mkewe kajifungua juzi, na kaka amewekewa marufuku hata ya kuvuka mlango. Wengine wamekwenda milima ya mbali. Nimebaki na wewe."

"Na nikikosea?"

"Hukosei. Tazama chini, tazama vizuri, halafu inua." Akaanza kujifunga kofia, akasema kwa sauti ya taratibu zaidi. "Sisi huku ni waongo wakubwa, Fundi. Ukituuliza nani ameanguka, hakuna aliyeanguka. Nani ameshuka kwa miguu? Hakuna. Lakini mkono haujawahi kumdanganya mtu. Ndiyo maana tupo."

Fundi akateremka kwa njia ya pembeni, akishika vichaka, mpaka kwenye jiwe. Akapanda juu yake. Akageuka akalitazama Koo.

Hakuna aliyemwandaa kwa kile alichokiona. Mawe yalikuwa yamepangana kama ngazi iliyojengwa na mtu mwenye hasira, moja kubwa, moja dogo, moja limekosekana. Kuta za mwamba zilikuwa nyeusi, zinatiririka maji membamba. Juu kabisa, mahali mwamba ulipokutana na anga, palikuwa na alama ndogo ya rangi nyekundu: fulana ya Sindano. Alikuwa ameweka mguu mmoja chini, anamtazama yeye.

Fundi akatazama chini. Njia ilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na mbuzi, hata ndege hakuwapo. Akatazama tena ili apate mtu. Hakumpata.

Mkono wake ulibaki ubavuni.

Kidogo tu, akawaza. Akisubiri sana atachoka, atashuka kwa njia ya pembeni, na mimi sitakuwa nimesema neno lolote baya. Mama atakuwa ametiiwa, na Sindano hatakuwa ameumia. Aliuona mpango huo kuwa wa busara kwa muda mfupi sana. Kisha akaona ile alama nyekundu ikishuka kwenye baiskeli na kuketi juu ya jiwe, kwa utulivu, mikono magotini. Alikuwa akimsubiri mtu apite. Alikuwa amemwamini.

Fundi akahisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Bado mkono haukuinuka.

Wingu lilipita, likamfunika Sindano, likamfunua. Alikuwa amesimama. Aliitazama kona, akajipandisha baiskeli begani, akaanza kulishuka Koo lenyewe kwa miguu. Hakupita pembeni. Ni wazi aliogopa kwamba kuna mtu ameumia kule chini na Fundi hajui la kufanya.

"Hapana," akasema Fundi. "Pita pembeni! Pembeni!" Upepo ukaila sauti, kama alivyoambiwa.

Hapo ndipo alipoona kosa lake lilivyo. Lile Koo halikuwa la miguu. Mtu mwenye mzigo begani hana cha kushika, na mawe yalikuwa yanamkimbia Sindano chini ya soli. Akateleza. Akajishika. Akateleza tena, baiskeli ikamwangukia, na wote wawili wakaburuzika mpaka kwenye ukuta wa mwamba. Sindano akanyanyuka, akakung'uta mkono, akanyanyua baiskeli, akaendelea.

Alimfikia akihema.

"Ni nani?" aliuliza hata kabla ya kuishusha baiskeli. "Mama wa kuni? Ameumia? Yuko wapi?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Hakuna mtu."

"Ameshapita?"

"Hakukuwa na mtu. Njia ilikuwa wazi tangu mwanzo."

Sindano aliilaza baiskeli polepole sana, jinsi mtu anavyomlaza mtoto ambaye hataki aamke. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimechubuka, kinatoa damu kidogo.

"Sema tena."

"Ilikuwa wazi."

"Nimekaa pale juu namwombea huyo mtu asiteleze," alisema. "Nikasema labda ni mzee, tumpe muda. Kumbe mzee mwenyewe ni wewe."

"Nilitaka ushuke kwa miguu. Nilidhani kwa miguu ni salama."

"Salama?" Akamwonyesha kiganja. "Hii nini? Urembo?"

"Sindano..."

"Usiniite hivyo. Wanaoniita hivyo wananiinulia mkono wa kweli."

Neno lile lilimchoma Fundi kuliko kama angepigwa kofi. Akakaa chini juu ya jiwe, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaona bado haoni vizuri.

"Mama amenituma," akasema.

Akamwambia yote, bila kupunguza hata wale wazee watakaobaki wanywe chai. Sindano alisikiliza amesimama. Mara moja tu midomo yake ilitetemeka, Fundi alipofika pale pa kutafuta mwingine.

"Na mpango wako ulikuwa uniambie lini? Wazee wakiwa wameshakaa kwenye viti vyetu?"

"Leo. Kule juu."

"Ukaona bora uninyamazie huku chini."

"Niliogopa."

"Unaogopa nini? Kila siku nakuuliza njoo unione, unasema suti. Suti ya nani isiyokwisha? Ya tembo?"

Fundi hakucheka. Alitazama ule uzi mweupe wa barabara kule mbali.

"Baba yangu hakufa kwa ugonjwa," alisema. "Nilikudanganya. Alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anateremka mlima na shehena ya saruji, breki zikakataa. Nilikuwa darasa la nne. Waliomwona wanasema alipiga honi njia nzima, ili watu wapishe. Alipisha kila mtu. Hakugonga hata kuku. Mama tangu siku hiyo hapandi gari linalokwenda upande wa mlima, na mimi... mimi nikiona kitu kinateremka nasikia ile honi."

Upepo ulivuma. Sindano akakaa karibu naye, si karibu sana.

"Mwaka mzima," alisema, sauti imeshuka. "Mwaka mzima nakusimulia mawe na kona, unaitikia tu, kumbe moyoni unasikia honi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno unaposimulia."

Sindano akasogea karibu zaidi. Kisha akamshika mkono, akauvuta mpaka kwenye usukani wa baiskeli, akaweka kidole kimoja cha Fundi juu ya breki na kidole chake mwenyewe juu ya hicho. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Sukuma baiskeli."

Fundi akaisukuma kwa mkono wa pili. Ikaanza kwenda.

"Sasa vuta. Kidogo. Kama unavyokaza uzi, usije ukakatika."

Akavuta. Gurudumu likasimama bila kelele yoyote, laini, kama limeombwa.

"Kila ninapotoka nyumbani nazivuta hivi, nazisikiliza," alisema Sindano. "Zikianza kuchoka nazisikia kabla hazijachoka. Lakini sikudanganyi. Kusema sitaanguka, siwezi kukuahidi. Nimeshaanguka, na nitaanguka tena."

"Basi kwa nini unashuka?"

Alifikiri. "Dukani nakata vioo ili watu waone. Wanavaa, wanashangaa, wanasema kumbe miti ina majani mojamoja! Wanaondoka. Huku naona mimi. Nikiwa ndani ya Koo kila jiwe lina jina lake. Sijui kukueleza zaidi ya hapo."

Akasimama, akafunga kiganja kwa kitambaa cha kichwa, akanyanyua baiskeli.

"Baiskeli siiachi, Fundi. Mwambie mama kwa heshima zote. Na wewe nakupenda, hilo halina mjadala. Sasa narudi juu, na safari hii napita pembeni. Njia ikiwa wazi, ukiinua mkono nakuja kwako. Njia ikiwa wazi na usiinue, nitajua. Nitageukia upande wa pili wa mlima, nirudi kwetu nimwambie baba avue soksi."

Akaenda. Fundi alimtazama mpaka vichaka vikamficha, na alijua kwamba atakayeonekana tena pale juu, au asionekane, ndiye maisha yake yote.

Simu ikalia mfukoni.

"Umeshamwambia?" Mama hakuwa na salamu.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amekataa."

"Sawa. Rudi nyumbani."

"Siwezi, mama. Yuko juu ya mlima ananisubiri niinue mkono ndipo ashuke."

"Usiinue."

"Njia iko wazi."

"Hata ya baba yako ilikuwa wazi!" Sauti ya mama ilipasuka. Alikuwa hajawahi kulitaja jambo lile kwa miaka mingi, na sasa limetoka lenyewe, kwenye simu, mchana kweupe. Fundi alisikia pasi ikiwekwa mezani kwa kishindo.

"Mama," akasema polepole. "Ulijua kwamba barabara ile ni mbaya?"

"Nani hakujua?"

"Ulimkataza?"

Pasi ikaanza kuburuzwa tena juu ya kitambaa.

"Mama?"

"Nilimpigia pasi shati," alisema mama. "Kila safari. Alisema anataka afike kule amenyooka. Ningemkatazaje mtu aliyekuwa akiimba kabla hata hajawasha gari?"

Juu, mahali mwamba ulipokutana na anga, ile alama nyekundu ilitokea. Mguu mmoja chini. Inamtazama.

Fundi alitazama chini. Alitazama kila jiwe, kila kichaka, mpaka mwisho wa njia. Akatazama tena, safari hii akiomba asimpate mtu. Kisha akainua mkono wake wa kulia juu, mpaka kiungo cha bega kikauma.

"Umefanya nini?" mama akauliza, kama aliyeona.

"Nimeinua."

"Usikate simu! Usithubutu kukata!"

Hakukata. Lakini hakuweza kusema tena.

Sindano alikuja. Mwanzo hakuwa na haraka. Aliegemea nyuma mpaka tumbo likagusa kiti, na baiskeli ikainamisha kichwa ikaingia Kooni kama mtu anayeinama mlango mfupi. Halafu mawe yakampokea. Gurudumu la mbele likashuka jiwe la kwanza, la nyuma likafuata, na mikono yake na magoti yake yakawa maji, yanakunjuka, yanajikunja, huku kichwa kimetulia juu ya vyote, hakitikisiki, kama kichwa cha mtu aliyebeba mtungi. Pale jiwe lilipokosekana hakulitafuta. Baiskeli iliruka utupu ule ikatua upande wa pili kwa sauti nzito iliyoingia kifuani kwa Fundi. Kuta nyeusi zilimpita karibu kiasi cha kumlamba mabega. Wala hakuzigusa. Jua lilipenya kwenye mwanya wa mwamba, matone ya maji yakawaka yote kwa pamoja, na katikati ya matone hayo mtu aliyempenda alikuwa akishuka, macho wazi, mdomo umefunguka kidogo, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwahi kuiona kwa mwanadamu na hakujua kama anaruhusiwa kuitazama.

Alisikiliza honi. Haikulia. Kulikuwa na upepo, na tairi, na sauti ya mama yake ikimwita kutoka mbali sana.

"Mbona kimya? Niambie! Mwanangu, niambie kitu!"

Sindano alipinda kwenye kona, changarawe ikaruka, kidole kimoja kikavuta, na baiskeli ikasimama chini ya jiwe alilosimama Fundi, laini, kama imeombwa. Mkono wa Fundi ulikuwa bado uko juu. Alikuwa amesahau kuushusha. Machozi yalikuwa yanamtoka nyuma ya miwani na hakuwa na habari nayo.

"Shusha," Sindano akasema akihema, akitabasamu. "Nimeshafika."

"Yuko mzima?" simu ikapiga kelele.

"Mzima, mama," Fundi akasema. "Mzima kabisa. Mama, laiti ungeona. Mimi sijui... sijui nikwambie nini."

Simu ilipumua. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyeizuia miaka mingi.

"Mpe hiyo simu."

Sindano akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kuipokea, kana kwamba mama atauona uchafu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Mimi sijakubali."

"Ndiyo, mama."

"Nataka ulijue hilo."

"Nalijua, mama."

"Haya. Umeumia popote?"

"Kiganja tu, mama. Kidogo."

"Si nilisema! Si nilisema mimi! Hiyo baiskeli..."

"Haikuwa baiskeli, mama." Sindano alimtazama Fundi, akaona jinsi alivyonywea, akataka kumficha, akashindwa kudanganya. "Niliumia nilipokuwa nashuka kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama."

Wingu likapita juu yao, likaondoka.

"Nirudishie mwanangu," mama akasema. Na Fundi alipoiweka simu sikioni, ilibidi aisogeze mbali kidogo. "Wewe! Wewe ulikuwa wapi, una miguu na mikono na macho manne, mpaka mtoto wa watu anateremka mlima kwa miguu na mzigo begani?"

"Mama, nilikuwa..."

"Nyamaza. Wazee wako hawaendi kule peke yao kesho, watanitia aibu. Nakwenda na mimi. Nikakione hicho kiganja."